Ukurasa wa Kuku

Wewe unayesoma maneno haya umeshageuza uso mara nyingi, na mimi nilikuwepo nikikutazama. Ulipita na gari jeupe la ofisi, unatoka Mtumba kwenye ofisi za serikali unakwenda kukagua mradi, ukapunguza mwendo mbele ya shule yetu huku Bahi, ukashusha kioo, ukasikia darasa la kwanza likisoma kwa sauti moja. Ukatabasamu. "Watoto wanasoma," ukamwambia dereva. Hawakuwa wakisoma. Walikuwa wakiimba. Na wewe ulikaribia kulijua hilo, maana tabasamu lilikukatika kidogo mdomoni, kisha ukatazama upande wa pili, kwenye mashamba ya mpunga, ukapandisha kioo.

Jina langu Elieza. Hapa wananiita Mzee wa Mabango, kwa sababu kila anayekuja kutuahidi kitu ananikuta nimesimama mbele na bango langu, na kwenye bango nimeandika alichotuahidi aliyekuja kabla yake. Cheti sina. Kusoma nilijifundisha mwenyewe nikiwa na ndevu tayari, kwenye kibao cha stesheni: B, A, H, I. Nilikuwa najua mahali panaitwaje, kwa hiyo nikazikamata zile herufi moja moja na kuziuliza kila moja imebeba nini. Kutoka hapo nikaenda ubavuni mwa mabehewa, kwenye magunia ya mbolea, kwenye matangazo ya minada ya ng'ombe. Hakuna aliyenishika mkono. Basi usitegemee nizungumze kwa upole.

Lakini leo nataka kukueleza kuhusu mwanamke aliyenifanya nikunje bango, na kuhusu Januari hii, shule yetu ilipotaka kumnyang'anya mjukuu wangu Hana mwalimu wake.

Ukilisikia kwa mbali ni jambo dogo. Hana ameanza darasa la kwanza. Mwalimu wa la kwanza ni Yasinta, mzaliwa wa Kibakwe, na katika shule nzima hakuna mwalimu wa kumfikia. Mwalimu mkuu, Batholomeo, akatangaza kwamba Yasinta anahamia la saba, kwenye mtihani, na la kwanza atapewa Iddy, kijana wa kujitolea aliyefika kwetu karibu na Krismasi. Wazazi tukaitwa kwenye kikao, kazi yetu ikiwa kupiga makofi. Mwalimu anabadilisha chumba tu, utasema, kelele za nini? Subiri. Ili uuone ukubwa wake lazima nikurudishe nyuma, mpaka nilipokuwa na umri wa Hana.

Darasa letu lilikuwa na sakafu ya udongo na mwalimu mpya, msichana aliyetoka chuo cha ualimu juzi juzi, Mgogo mwenzetu, Mwalimu Dorkasi. Sisi Kiswahili tulikisikia kanisani na kwenye redio ya mwenyekiti wa kijiji. Tulikiheshimu kama mgeni wa heshima ambaye unamsalimia, unamletea kigoda, wala hujui anazungumza nini. Ila masikio tulikuwa nayo. Mtoto wa Kigogo anakulia ndani ya nyimbo. Mpe wimbo asubuhi, jioni anakurudishia na sauti ya pili amekuongezea bure.

Mwalimu Dorkasi akatusomea ukurasa wenye picha ya kuku. "Kuku wetu ametaga. Mayai yake ni meupe. Mama anafurahi." Tukarudia. Akasoma tena, tukarudia tena. Haikuchukua muda, ukurasa wa kuku ukawa wimbo kamili, wasichana juu, wavulana chini, na mimi ndiye mwenye kuanzisha. Akaja mkaguzi kutoka mjini. Tukampa ukurasa wa kuku. Yule mzee alisimama na kofia yake mkononi kama yuko ibadani. Akasema hajapata kuona watoto wa vijijini wanaosoma namna hii, akanipapasa kichwa, akapanda Landrova akaondoka.

Mwalimu Dorkasi hakufurahi. Kuna kitu kilimkwaruza, sijui nini, labda aliona macho yetu yalikuwa kwa mkaguzi, si kwenye kitabu. Akaja kwenye benchi langu, akaweka kidole chini ya neno katikati ya ukurasa.

"Elieza, hili?"

"Kuku wetu ametaga..."

"Hapana. Hili tu."

Nikavuta pumzi, nikaanzia juu tena. Kuku wetu ametaga. Ningefanyaje? Sikuwa na njia nyingine ya kufika pale kwenye kidole chake. Anayeimba haanzii katikati. Akamgeukia jirani yangu, naye akaanza na kuku. Akazunguka darasa zima, kila benchi kuku ametaga. Mwisho akatuuliza kwa Kigogo, kutaga ndiyo kufanya nini? Mmoja akasema ni kutembea. Mwingine akasema kuku amekufa, ndiyo maana mama anafurahi, kuna nyama.

Tukaanza kukunja mabega kusubiri fimbo. Fimbo haikuja. Mwalimu Dorkasi alikaa chini, pale pale kwenye udongo na gauni lake safi, akatutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyekuwa anatembea kwenye nchi kavu akagundua kwamba chini yake kuna mto unapita.

"Mnaimba," akasema polepole. "Jamani, mnaimba vizuri mno."

Mwaka uliofuata akaenda kusoma. Sisi tukapewa mwalimu aliyepelekwa la kwanza kama adhabu, kwa ajili ya pombe. Na usinikunjie uso, unajua kwamba ndivyo tunavyofanya. Darasa la kwanza tumelifanya gereza la walimu. Mgeni, mgonjwa, mlevi, aliyegombana na mkuu, wote wanatupwa kule kwa wadogo, kwa sababu wadogo hawafanyi mtihani wa taifa na hawajui kushitaki. Nilimaliza la saba bado naimba.

Miaka ikapita nikasikia redioni kwamba yule msichana sasa ni profesa, mtafiti wa jinsi watoto wanavyojifunza kusoma, na kwamba kazi yake ilianzia Bahi. Nikasema, tazama, ametukanyaga mgongoni akapanda. Nikaandika bango, MWALIMU ULITUACHA, nikalikunja, nikalitia kwapani, nikapanda gari la asubuhi hadi mjini Dodoma, mpaka chuo kikuu. Nikauliza anafundishia wapi, nikaingia ukumbini, nikakaa nyuma kabisa nikisubiri anyamaze ili nisimame.

Ukumbi ulijaa vijana wa mwaka wa kwanza wanaosomea ualimu. Yeye alikuwa ubaoni, mwanamke mfupi, nywele zimeanza mvi, anachora. Nikashangaa. Alichokuwa anachora ni alama za kuchomea ng'ombe, zile za ukoo na ukoo: nusu mwezi, uma, vijiti viwili vilivyopishana, duara lenye mkia. Mistari mitatu ya alama. Kila alama ameipa sauti yake, anazijua yeye tu.

"Someni baada yangu," akasema. Akasoma, wakarudia. Akasoma, wakarudia. Punde ukumbi ukawa unasoma alama za ng'ombe kwa sauti moja, safi, wanacheka kwa furaha. Yeye naye anapiga makofi, "Vizuri sana, mmeelimika!" Kisha akaweka kidole chini ya alama moja katikati ya mstari wa pili, akamwonyesha kijana mwenye tai.

"Hii, baba?"

Yule kijana akakohoa. Halafu, nakuapia, akaanzia juu.

"Hapana. Hii tu."

Wenzake wakaangua kicheko. Akamnyooshea kidole aliyecheka zaidi, naye akaanzia juu. Kicheko kikafa. Watu waliofaulu mitihani yote ya nchi hii wamekaa mbele ya mistari mitatu kama mimi kwenye benchi langu.

"Unajisikiaje?" akamuuliza mwenye tai.

"Mjinga, Profesa."

"Si mjinga. Una sikio zuri. Mimi niliwahi kufundisha watoto wenye sikio zuri kukushinda wewe mbali sana, na sikujua kama hawasomi mpaka siku mkaguzi alipowasifu. Kiongozi wao aliitwa Elieza. Nilimwacha akiimba. Kila mwaka nawaambia wageni kama nyinyi jina lake, ili siku mkisimama mbele ya darasa likawasomea vizuri mno, mshtuke."

Bango lilikuwa linalowana jasho kwapani. Sikulifungua. Darasa lilipotawanyika nikashuka mpaka mbele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Nikusaidie?"

Hakunitambua. Angenitambuaje, na ndevu hizi? Nikaanza ile sauti ya chini: "Kuku wetu ametaga..."

Chaki ilimdondoka. Na yule mama, profesa mzima, na wanafunzi bado wako mlangoni, akaitikia ile sauti ya juu ya wasichana, vilevile, hakukosea hata mahali: "Mayai yake ni meupe."

Baadaye akaliona bango, akaomba alitazame. Nikataka kulificha. Akalifungua mwenyewe, akasoma.

"Umeandika wewe?"

"Mwenyewe."

"Nani alikufundisha?"

"Kibao cha stesheni."

Halafu akaniomba nimwachie lile bango. Akalitundika ofisini kwake, ukutani, juu ya kiti chake, ambapo kila aliyekuja kumwona, mkubwa au mdogo, alilazimika kusoma MWALIMU ULITUACHA kabla ya kusalimia. Likakaa pale mpaka siku aliyostaafu. Wewe una picha gani juu ya kiti chako?

Tangu hapo nikamfuatilia, kama ninavyofuatilia wote wanaosema wanatupenda. Nilitafuta kosa. Nilichokipata sikukitegemea. Kila Januari, vyuo vikiwa vimefunga au havijafunga, alitoweka mjini. Wenzake walimwita Profesa wa A-E-I-O-U, naye akawaambia jina limemkaa vizuri. Alikuwa yuko Kibakwe milimani, au Mpwapwa, au huku kwetu matopeni, amekaa kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kidevuni, kidole chake kiko chini ya neno moja. Mtoto mmoja. Halafu mwingine. Anawauliza kwanza kwa lugha ya nyumbani, kuku akitaga anafanya nini, umewahi kuokota yai likiwa bado na joto? Wakishacheka, wakishabishana, ndipo anafungua kitabu, na kitabu hakianzii juu. Wengine walihesabu shule walizojenga. Yeye maisha yake yote aliyatumia kusubiri mtoto asome neno la katikati. Na kwenye kila ripoti aliyoandika, mwishoni, aliweka sentensi ileile: mwalimu bora wa shule apewe darasa la kwanza. Ripoti zikapelekwa ofisini. Nani alizisoma? Ulizisoma?

Yasinta ni mwanafunzi wake. Alikuwa ukumbini siku ile, ndiye aliyecheka zaidi, ndiye aliyeanzia juu wa pili. Sasa unaelewa kwa nini sikutaka kupiga makofi.

Siku ya kikao mvua ilikuwa imenyesha, njia imejaa maji. Batholomeo akasimama. Si mtu mbaya, Batholomeo, ila amechoka.

"Ndugu wazazi, mwaka jana tumeshika mkia wilayani. Yasinta ndiye mwalimu wetu bora. Siwezi kumwacha anafundisha a-e-i-o-u huku la saba linazama."

"Sema, Mwalimu mkuu!" Huyo ni Mama Joshua, na Joshua wake yuko la saba, amekuwa mrefu kuliko mlango. Makofi yakapigwa.

Nikasimama. "Kwa hiyo wadogo ndio wa kutupwa?"

"Mzee wa Mabango, kaa," akasema Batholomeo. "Leo umesahau bango." Wakacheka.

Iddy naye akainua mkono, maskini. "Naomba niseme ukweli. La kwanza sijawahi kufundisha. Na Kigogo sijui hata salamu."

"Mbukwenyi!" mtu akamfundisha kutoka nyuma.

"Sasa ndiyo hiyo tu ninayojua," akasema, wakacheka zaidi, naye akacheka kwa aibu.

Yasinta alikuwa anatazama mikono yake. "Nikiambiwa nihame, nitahama," akasema. "Ila wale watoto ndiyo kwanza wanaacha kuimba."

Hapo ndipo bodaboda ikasikika ikikoroma kwenye tope. Akashuka Mwalimu Dorkasi, mzee sasa, kitenge kimerukiwa matope mpaka kiunoni, viatu ameshika mkononi. Mimi ndiye niliyempigia simu. Akatusalimia kwa Kigogo, akakaa kwenye benchi la mbele kama mwanafunzi, akasikiliza yote mpaka mwisho. Hakuzungumzia utafiti. Alimgeukia Mama Joshua.

"Mwanangu, wanasema siku hizi muheme unaongoza wewe."

"Nani mwingine?" Mama Joshua akanyoosha shingo. Muheme ndiyo ngoma ya wanawake wetu, inabanwa kati ya mapaja, na kweli hakuna huku Bahi anayempita. Akipiga yeye hata wazee wanaacha kulalamika.

"Wasichana wadogo wanaoanza, nani anawashika mkono mara ya kwanza?"

"Mimi."

"Wewe, mkubwa wa ngoma? Una wasichana wengi wanaojua kupiga. Si uwaachie hao, wewe ukae na wale wa sherehe?"

"We Mwalimu!" Mama Joshua alikasirika kweli. "Waniharibie watoto? Mkono ukianza vibaya umekwisha, huo hata uufundishe miaka haurudi. Kwa wanaoanza nakaa mimi mwenyewe. Hawa wa sherehe wanaweza hata kujiendea..."

Tulimwona akisikia alichosema. Chumba kizima kilikisikia pamoja naye. Akaziba mdomo kwa kanga yake, halafu akaanza kucheka, kicheko chenye machozi ndani.

"Mwalimu, umeniswaga mpaka zizini na mlango ukafunga."

"Sijafunga. Toka ukitaka."

"Na Joshua wangu?" Sasa hakuwa anacheka. "Sawa, wadogo wapate. Joshua wangu nani alimshika mkono? Alipewa mlevi, alipewa mgonjwa, alipewa aliyeolewa akaondoka. Mnataka nimwambie kwamba zamu yake imepita?"

Lilikuwa swali langu, lile la bango, limetoka kwa mtu mwingine.

Batholomeo akasema taratibu, "Profesa, wilaya haitaniuliza habari za la kwanza. Itaniuliza la saba."

"Najua," akasema Mwalimu Dorkasi. "La saba mfundishe wewe, Batholomeo, ulikuwa mwalimu mzuri kabla hawajakupa ofisi. Na wale wa la saba wanaoimba, nipeni mimi. Kila mchana baada ya masomo. Nitakaa hapa."

"Hapa Bahi?" Mama Joshua akashangaa. "Na mbu hawa?"

"Mbu wa Bahi walinijua kabla hujazaliwa, mwanangu."

Batholomeo alimtazama Yasinta, akaitazama mikono iliyonyooshwa kukubali, ya wazazi wa la kwanza na wa la saba, akasema basi, abaki alipo. Iddy ndiye aliyepiga makofi ya kwanza.

Mchana wa siku iliyofuata nilipita dirishani. Sikujificha, mimi sijifichi. Joshua amekaa, miguu haienei chini ya dawati, sharubu zinamtoka, na Mwalimu Dorkasi amepiga magoti sakafuni pembeni yake, sakafu ya saruji, kwa magoti yale ya uzee. Kidole kimewekwa.

"Hili, Joshua?"

Akaanzia juu.

"Hapana, baba. Hili tu."

Akasubiri. Mwanamke huyu anajua kusubiri kuliko watu wote niliowahi kuona. Joshua alitokwa na jasho, akasogeza midomo, akarudi, akasogeza tena.

"Ma... ji." Kisha, kwa sauti ya mtu mzima: "Maji."

Hakumtazama mwalimu. Aligeuka dirishani, akatazama mashamba ya mpunga yaliyofurika, akakaa akiyatazama, kama anayehakikisha kwamba ni maji yaleyale. Nilivua kofia. Sijawahi kumvulia kiongozi yeyote kofia yangu.

Mjukuu wangu Hana anaye Yasinta. Joshua anaye Mwalimu Dorkasi, maadamu magoti yale yanakubali. Lakini yeye ni mmoja, na shule unazopita na kioo kilichopandishwa ni nyingi mno. Wiki hii, wakati unasoma hapa, walimu wakuu wamekaa na kalamu wanagawa madarasa, na kwenye mstari wa la kwanza wanaandika jina la yule asiyetakiwa kwingine.

Kwa hiyo weka karatasi hii chini. Inuka. Nenda kwenye shule iliyo karibu nawe, leo, kengele ya mchana haijagongwa. Muulize mwalimu mkuu, la kwanza umempa nani, na kwa nini si bora wako? Usikubali jibu la mtihani. Kisha ingia darasani, kaa kwenye benchi dogo, na wakikuimbia ukurasa wote bila kukosea, usitabasamu. Weka kidole katikati, muulize mtoto mmoja, hili tu, na usiondoke hapo.